Kwa nini ukigusa orodha moja kwenye Python, ya pili nayo hubadilika?

Tuseme unaandika bei za dukani kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kabla ya kuchezea chochote unajiwekea nakala pembeni:

bei = [500, 200, 900]
akiba = bei
akiba.append(50)

Sasa chapisha bei. Unapata [500, 200, 900, 50]. Hukuigusa bei, lakini ile 50 imo!

Ni kwamba nakala haikuwahi kuwepo. Alama ya = katika Python haiundi kitu kipya, inakipa kitu kilichopo jina jingine. Mtaani Bi Zuhura ndiye huyohuyo Mama Asha. Ukimsuka Bi Zuhura, Mama Asha naye kasukwa, maana kichwa ni kimoja. Vivyo hivyo bei na akiba ni majina mawili ya orodha moja, na append, amri ya kuongeza kitu mwishoni, huibadilisha orodha hiyo palepale ilipo.

Mimi aliyenitesa ni sort, amri ya kupanga orodha kwa mfuatano. Niliandika bei = bei.sort(), orodha yote ikapotea, nikabaki na None, yaani hakuna kitu. Nilitafuta kosa jioni nzima. Kumbe ni makusudi. Kunakili orodha ndefu ili uipange tu ni kupoteza nafasi ya kompyuta bure, kwa hiyo sort huipanga palepale, na haikurudishii orodha ili ukumbuke kwamba ile ya asili ndiyo iliyopangwa. Pamoja na jioni yangu iliyopotea, naona waundaji wa Python waliamua vizuri. Ukitaka orodha mpya na ya zamani ibaki ilivyo, ipo sorted(bei), iliyokuja na toleo la 2.4 mwaka 2004.

Maandishi hayana tabia hiyo. Yakishaundwa hayabadiliki: jina likiwa "juma", jina.upper() hukupa "JUMA" mpya, na jina hubaki "juma" mpaka uandike jina = jina.upper().

Nakala ya kweli ya bei huipata kwa bei.copy(). Ila kama ndani ya orodha kuna orodha nyingine, copy hunakili ile ya nje tu; za ndani zinabaki zilezile kwa nakala na ya asili, na hapo unahitaji deepcopy, inayonakili hadi za ndani. Ukiwa na shaka, iulize Python yenyewe: akiba is bei. Ikijibu True, unashika kitu kimoja kwa majina mawili.