Kwa nini .eth haifunguki kwenye simu ya kawaida

Je, .eth, .bit na wenzao, yaani majina yanayosajiliwa kwenye blockchain, watakuja kuchukua nafasi ya .com? Kama anwani za tovuti, sidhani. Kikwazo kiko kwenye mzizi wa DNS, yaani kilele cha mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya kompyuta.

Andika dig mfano.eth kwenye terminali (dig ni amri ya kuuliza DNS). Swali linakwenda kwa seva ya DNS ya mtoa huduma wako wa intaneti, nayo inauliza seva za mzizi, zile zenye majina 13, a hadi m. Jibu linarudi NXDOMAIN, yaani jina halipo, na linaweza kukaa kwenye kache hadi sekunde 86,400, siku nzima. Tena mzizi umetiwa saini ya DNSSEC, inayothibitisha kwamba majibu ya DNS hayajachezewa, tangu 2010, kwa hiyo kutokuwepo huko kuna uthibitisho.

Ndiyo, unaweza kubadili seva ya DNS au kuweka kiendelezi kwenye kivinjari. Ila umetengeneza kifaa chako tu. Unayemtumia kiungo ataona kosa. Barua pepe ndiyo mbaya zaidi: seva ya anayekuandikia inatafuta rekodi ya MX, inayotaja seva ya kupokea barua, kwenye DNS ya kawaida, inaikosa, na ujumbe unamrudia mwenyewe.

Halafu kuna cheti cha HTTPS. Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, haitoi cheti kwa jina lisiloonekana kwenye DNS ya umma. Tor, mtandao wa kuficha utambulisho, walilijua hilo: .onion yao ilitengwa rasmi kwa RFC 7686, hati ya viwango vya intaneti, mwaka 2015, na mlango wa vyeti ukafunguka. Ni ruhusa adimu. Kwa .eth njia ni nyembamba zaidi, kwa sababu ETH ni msimbo wa herufi tatu wa Ethiopia, na kanuni za 2012 za ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, zilizuia misimbo hiyo kuwa vikoa vya juu.

Bila msimamizi mmoja, majina nayo hugongana. Mwaka 2022 Unstoppable Domains, wauzaji wa majina ya blockchain, waliacha .coin baada ya kubainika kwamba Emercoin, mradi mwingine wa blockchain, walikuwa wanaitumia tayari.

Majina haya yananoga ndani ya pochi za kripto, kwa kuwa pochi husoma mkataba (programu) wa ENS, mfumo unaosimamia .eth, moja kwa moja kwenye Ethereum bila kupita kwenye mzizi. Na hata huko huhitaji .eth: chukua kikoa chako cha kawaida, washa DNSSEC, weka rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye _ens yenye a= na anwani ya pochi, kisha kiingize kwenye ENS. Kikikataa, angalia kwanza rekodi ya DS, ile inayotambulisha ufunguo wako wa DNSSEC, kwa msajili wa kikoa chako. Wengi hutia saini kwenye seva ya DNS wakasahau kuipeleka huko.