Je, wajua kwa nini printa ya pamoja hukawia kutoa ukurasa mmoja?

Ingia steshenari ya Masasi wakati wa maombi ya mikopo ya wanafunzi, au ofisi ya chama cha msingi kule Newala msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Utakuta kompyuta tatu au nne, printa moja, na mtu yuko kaunta anasubiri karatasi yake. Boksi la printa linasema kurasa 20 kwa dakika, yaani ukurasa mmoja kila sekunde tatu, lakini wake unatoka baada ya dakika mbili. Boksi halikusema uongo. Kasi ile ni ya karatasi iliyokwisha kuanza kutembea, na dakika mbili zile karibu zote zimepotea kabla ya hapo. Kwa hiyo kununua printa yenye kasi zaidi mara nyingi ni kutupa pesa.

Safari yenyewe ni hii. Ukibofya Print, kompyuta yako inaugeuza waraka kuwa lugha ya printa, inautuma kwenye kompyuta iliyochomekwa printa (tuiite kompyuta mama), nayo inauhifadhi kwenye foleni ndani ya diski, kisha inaupeleka kwenye printa. Chukua saa ya simu upime. Toa ukurasa mmoja kutoka kompyuta mama yenyewe, halafu ukurasa uleule kutoka kompyuta nyingine. Mama akiwa mwepesi na wengine wazito, tatizo liko njiani. Wote wakiwa wazito, acha nyaya na Wi-Fi, shughulika na kompyuta mama na printa.

Wengi hujiuliza faili la kilobaiti 400 linachelewaje. Faili hilo limebanwa, na printa haichapi faili, inachapa nukta. A4 moja kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi ina nukta kama milioni 35. Kwa nyeusi na nyeupe hizo ni zaidi ya megabaiti 4, na picha ya rangi ikifunguliwa kwa ubora huohuo inakaribia megabaiti 100 kwa ukurasa. Printa nyingi za bei nafuu haziwezi kupokea maandishi kama maandishi. Kompyuta ndiyo inayochora kila nukta na kuituma. Ndiyo maana vyeti vilivyopigwa picha kwa simu na kugeuzwa PDF huziba foleni, ilhali barua ya kurasa kumi inapita. Printa yako ikikubali PCL 6, yaani lugha ya printa inayobeba maandishi kama maandishi, weka draiva (programu inayoiongoza printa) ya PCL 6. Kwa kazi za kawaida shusha ubora hadi nukta 300. Ukishusha hivyo zinabaki robo ya nukta, si nusu.

Hapo kuna kitufe kimoja ambacho wengi hawakigusi. Kwenye kompyuta mama yenye Windows, fungua Printer Properties, ukurasa wa Sharing, uone mstari wa "Render print jobs on client computers". Ukiwa na tiki, kila kompyuta inachora kurasa zake yenyewe na kutuma mzigo mkubwa uliokwisha kuchorwa. Ukiondoa tiki, inatuma maelezo mepesi na mama ndiye anayechora. Mtandao dhaifu na mama mwenye nguvu: ondoa tiki. Mama mzee mwenye RAM ya gigabaiti 4: iache.

Sasa njia. Kompyuta yako, mama na printa zote zikiwa kwenye Wi-Fi, waraka mmoja unapita hewani mara nne: kutoka kwako hadi ruta, ruta hadi mama, mama hadi ruta tena, ruta hadi printa. Kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi ya Wi-Fi, ni kifaa kimoja tu kinachoweza kuongea kwa wakati mmoja, na simu za wateja nazo zimo humohumo. Vuta kebo ya mtandao kutoka ruta hadi kwa mama na printa, hata kama wengine watabaki hewani. Kama kebo haiwezekani, iweke ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11 za gigahezi 2.4, ile ambayo majirani hawaitumii sana.

Lakini kebo nayo hudanganya, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Ndani yake mna nyaya nane katika jozi nne zilizosokotwa. Mpangilio uliozoeleka kwenye kichwa cha kebo, ile plagi ya plastiki yenye pini nane, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kijani: imetenganishwa, waya mmoja pini ya 3 na mwenzake pini ya 6. Fundi asiyejua sababu huzipanga jozi zikifuatana, chungwa, kijani, bluu, kahawia, kwa mpangilio uleule pande zote mbili. Kipima kebo cha taa kinawaka moja hadi nane bila kasoro, naye anaondoka ameridhika. Ila mawimbi ya pini 3 na 6 sasa yanasafiri kwenye nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja, kelele ya jozi jirani inaingia, vipande vya data vinaharibika na kutumwa upya. Kebo fupi inaweza kuvumilia. Ya mita 30 itakutesa.

Ili kuligundua tatizo hili, kwenye dirisha la amri la kompyuta yako andika ping -n 50 -l 1400 kisha anwani ya kompyuta mama; amri hiyo hutuma ujumbe mara 50 na kusubiri majibu. Ping ya kawaida ni ya baiti 32 na hupenya hata kwenye kebo mbovu. Ya baiti 1400 ndiyo inayoumbua. Kwenye waya majibu yote 50 yanapaswa kurudi, tena ndani ya milisekunde moja au mbili. Kisha nakili faili la megabaiti 100 kwenda kwa mama: kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ni kama sekunde 10. Ikifika dakika, kata kichwa ukipige upya. Lindi mjini, Mikindani na Kilwa Masoko, ambako hewa ya bahari ina chumvi, tazama pia pini za shaba ndani ya kichwa. Zikiwa na ukungu wa kijani, badilisha kichwa na usafishe tundu la swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kebo.

Printa iliyo kwenye mtandao moja kwa moja ina adha nyingine. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa anwani tofauti na ya jana. Kompyuta zinaendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani, zinasubiri, zinajaribu tena. Ipe anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.20 ikiwa ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100. Halafu kwenye ukurasa wa Ports wa Printer Properties, ikiwa printa inatumia poti (njia ambayo kompyuta huifikia printa) ya WSD, ile inayoitafuta printa yenyewe, tengeneza poti ya Standard TCP/IP yenye anwani hiyo, aina Raw, namba 9100. Humohumo ondoa tiki ya "SNMP Status Enabled", ambayo huifanya kompyuta iulize printa hali yake: printa isiyojibu swali hilo huonekana kama imezimwa.

Kazi zilizokwama hukaa kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, faili mbili kwa kila kazi, SPL yenye waraka na SHD yenye maelezo yake. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler ili kuisimamisha huduma ya foleni, futa vilivyomo ndani ya folda hiyo (si folda yenyewe), kisha net start spooler ili kuiwasha tena. Futa pia kwenye orodha printa za zamani ambazo hazipo tena. Word huweza kuchelewa kufunguka ikiitafuta printa chaguo-msingi iliyokwisha ondolewa.

Bando kubwa halisaidii. Waraka kati ya kompyuta na printa za chumba kimoja hautoki nje ya ruta. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ya Tanzania kudorora, printa ya mtandao wa ndani haikuwa na sababu ya kupungua kasi, isipokuwa zile mpya zinazodai intaneti ili zifanye kazi.

Ikiwa karatasi zenyewe ndizo zinazotoka kwa kuvuta miguu, tazama aina ya karatasi iliyochaguliwa. Pwani rimu iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, wino wa leza haushiki vizuri, mtu anachagua Thick ili ushike. Printa inapunguza mwendo ili karatasi ipate joto zaidi, na mpangilio unabaki hivyo kwa kila kazi inayofuata. Rudisha Plain, na rimu iliyofunguliwa iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya rafu, si sakafuni.