Chuma Hakimiminwi, Jamani

Kijana mwingine kaniletea hadithi ya kisiwa alichokibuni: mhunzi anatoboa tanuri la udongo, chuma kinatiririka kama uji hadi kwenye kalibu, upanga tayari. Jamani! Kosa lenyewe najua linakotoka. Hapa Malindi mafundi wa jua kali humimina sufuria za alumini mchana kweupe, na alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi tu. Chuma kinataka 1538. Tanuri la mivukuto hufanya kazi kwenye nyuzi 1200 hivi.

Kinachotiririka kipo, na ndicho kinachowapoteza watu: ni mavi ya chuma, yaani taka za jiwe zilizoyeyuka. Ndani ya jiwe lenye madini yake, chuma kimeshikana na oksijeni, na mchanga umo humo humo. Makaa yakiungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi inayokinyang'anya chuma oksijeni yake kikiwa bado kigumu. Makaa si moto tu. Ndiyo dawa yenyewe. Mchanga nao hula sehemu ya chuma (hasara kubwa hiyo, haiepukiki), huyeyuka, huchuruzika. Kinachobaki ni donge lenye matundu, limejaa mavi na vipande vya makaa. Hupigwa nyundo lingali la moto, hurudishwa motoni, hupigwa tena mpaka mavi yakamuke. Upanga bado uko mbali.

Mtanitajia Wachina. Sawa, walimimina chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita: kilichonyonya kaboni asilimia 4 hivi, kikayeyuka karibu na nyuzi 1150. Kizuri kwa vyungu. Kipige nyundo, kitavunjika.

Kuhusu kwetu, mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kwamba watu wa Malindi wana migodi ya chuma. Ananukuliwa kama shahidi, ilhali alikuwa Sicily akikusanya habari za wasafiri. Mchanga mweusi ufukweni upo, ila una madini ya titani, na titani ikizidi inaweza kufanya mavi yawe mazito, yasitoke kwa urahisi. Hata mavi yanayofukuliwa magofuni hayanitoshi kuwa ushahidi kwamba chuma kilitolewa kwenye jiwe hapa: karakana ya kufulia visu nayo huacha mavi, bila jiwe hata moja kuyeyushwa hapo.

Basi, mwanangu, acha upanga kwanza. Makaa huliwa kwa uzito mara kadhaa ya chuma kinachopatikana. Hicho kisiwa chako kina msitu kiasi gani?