Je, Wajua Kwa Nini Gemu Iliyotengenezwa Upya Hupoteza Ladha Yake ya Zamani?

Anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu asubuhi ya mvua huona hatua chache tu za barabara mbele ya gari. Migomba ya pembeni hujitokeza mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu na kumezwa tena, na Mlima Rungwe wenyewe, ulio na urefu wa karibu mita 3,000, haujulikani umesimama upande gani. Kwa mgeni, nchi hiyo haina mwisho. Mchana jua likitoka na ukungu ukapanda, mgeni huyohuyo hugundua kwamba giza lililomtisha ni shamba la chai, na kwamba sauti za watu alizodhani zinatoka mbali zilikuwa ng'ambo ya bonde dogo tu. Nchi ni ileile. Kilichoondoka ni ukungu.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu ndani yake mna jibu la swali linaloulizwa mara kwa mara katika vibanda vya gemu vya Mwanjelwa na kwingineko: inakuwaje gemu ya zamani itengenezwe upya kwa mashine yenye nguvu mara nyingi zaidi, kwa picha safi zaidi, halafu ionekane ndogo na baridi kuliko ile ya kwanza? Jibu ni kwamba ladha ya gemu nyingi za zamani haikupakwa juu yake kama rangi ya ukutani. Ilizaliwa na upungufu wa mashine, na mafundi wa wakati ule waliujua upungufu huo na kuufanyisha kazi. Anayeuondoa bila kuuliza ulikuwa unafanya kazi gani huondoka na ladha pia.

Mfano ulio karibu na wengi wetu ni Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi hata kwa video fupi ya simu, kwa hiyo haikuweza kuchora miji mitatu ya gemu hiyo, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na jangwa na misitu kwa wakati mmoja. Ilichora kilicho karibu na mchezaji na kukificha kilicho mbali nyuma ya utusitusi, ambao juu ya jiji la Los Santos ulikuwa na rangi ya machungwa kama moshi wa jioni. Eneo lote la gemu hiyo lina upande wa takriban kilomita 6, yaani pungufu ya safari ya daladala kutoka katikati ya jiji la Mbeya hadi Uyole. Hata hivyo, aliyetoka Los Santos kwa gari, akapita mashambani, kisha akaona majengo ya San Fierro yakitokeza polepole mbele yake, aliamini kwamba amevuka jimbo zima.

Novemba 2021 kampuni ya Rockstar ilitoa toleo jipya la gemu hiyo pamoja na mbili zilizoitangulia. Utusitusi ulikuwa umeondolewa karibu wote. Mchezaji aliyepanda kileleni mwa Mlima Chiliad, mlima uliomo ndani ya gemu, au kuruka kwa ndege aliiona miji yote mitatu kwa mpigo mmoja wa jicho, ikiwa imebanana kama nyumba za mfano zilizopangwa mezani. Kulikuwa na kasoro nyingine: mvua ilishuka kama nyuzi nyeupe nzito zilizoziba njia, na maandishi kwenye baadhi ya mabango yaliharibika baada ya picha kukuzwa na programu ambayo haikuelewa inachokisoma. Rockstar iliomba radhi mwezi huohuo. Nasema bila kusita kwamba mvua na mabango yalikuwa makosa madogo, kwa kuwa hurekebishika. Kosa kubwa lilikuwa kuuona ukungu kama uchafu kwenye kioo, unaosubiri kitambaa tu.

Silent Hill, gemu ya kutisha ya mwaka 1999, inalidhihirisha jambo hili zaidi. PlayStation ya kwanza ilikuwa na megabaiti 2 za kumbukumbu kuu, na mji ambao mchezaji alitakiwa kuutembea kwa miguu usingeingia humo ukiwa wazi. Watengenezaji waliufunika kwa ukungu mzito mchana na giza usiku, wakampa mhusika tochi, na redio inayokwaruza kiumbe cha hatari kinapokaribia. Hapo kasoro ya mashine iligeuka kuwa hofu yenyewe, kwa maana mtu huogopa zaidi asichokiona. Mwaka 2012 sehemu ya pili ya gemu hiyo, iliyotoka kwanza mwaka 2001, ilipotolewa pamoja na ya tatu kwa picha zilizosafishwa, waliofanya kazi hiyo walikuta kwamba Konami, kampuni yenye gemu hiyo, haikuwa imehifadhi msimbo wa mwisho, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha gemu, ikabidi waanzie kwenye msimbo ambao haukukamilika. Ukungu ulitoka mwepesi na usiokaa mahali pake, na mji uliokuwa umejificha kwa miaka 11 ukaonekana kingo zake.

Upungufu mwingine ulikuwa kwenye televisheni. Wengi wetu tulichezea TV za chogo, tukiunganisha mashine kwa zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa njano ulibeba picha yote kwa pamoja, na rangi zilizokaa jirani zilichanganyikana kidogo kabla hazijafika kwenye kioo. Wachoraji walilitegemea jambo hilo. Katika gemu ya Sonic ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kama mistari myembamba ya wima yenye nafasi katikati. Kwenye TV ya chogo mistari hiyo iliyeyukiana, na mtu akaona maji angavu yanayopitisha kilicho nyuma yake. Kwenye kioo bapa cha leo ile mistari huonekana jinsi ilivyo, mithili ya kichana. Anayesema kwamba picha za zamani zilikuwa mbaya, mara nyingi anazitazama kwenye kioo ambacho hazikuchorewa.

Hapa ndipo habari ya mashine za mkononi inapoingia, yaani zile mashine ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya gemu tu, kwa kuwa kwazo mashine, kioo na gemu vilikuwa kitu kimoja. Game Boy ya mwaka 1989 ilitumia betri ndogo 4 na ilionyesha viwango vinne tu vya weusi na weupe, juu ya kioo chenye ukijanikijani. Game Boy Advance, iliyokuja mwaka 2001, ilikuwa na rangi lakini haikuwa na taa ndani ya kioo. Mtoto aliyetaka kuicheza ilimlazimu akae dirishani au chini ya taa na kuigeuzageuza hadi mwanga uangukie vizuri. Kwa sababu hiyo, gemu nyingi zake zilichorwa kwa rangi zilizokolezwa mwanga kupita kiasi, ili zionekane kwenye kioo kile chenye giza. Gemu hizohizo zikichezwa leo kwenye simu yenye mwanga mkali, rangi huonekana zimepauka kama kitenge kilichoanikwa juani kwa wiki nzima.

Nintendo DS ya mwaka 2004 inafundisha zaidi. Ilikuwa na vioo viwili, cha juu cha kutazama na cha chini cha kugusa, na ilifungwa kama kitabu. Katika gemu ya Phantom Hourglass ya mwaka 2007 kuna mahali ambapo alama iko kwenye kioo cha juu na mchezaji anatakiwa kuihamishia kwenye ramani iliyo kioo cha chini. Atajaribu kugusa kwa kalamu, na haitasaidia. Atabonyeza kila kitufe bila kupata kitu. Ufumbuzi ni kuifunga mashine yenyewe ili vioo viwili vikutane, kisha kuifungua, naye atakuta alama imekwisha kugongwa kwenye ramani kama muhuri wa ofisi ya kata kwenye barua. Simu ya kioo kimoja haina cha kukunja. Fumbo kama hilo halihamishiki. Labda libuniwe jingine badala yake.

Mashine hizo hazikufa kwa kuchukiwa. DS iliuzwa kwa zaidi ya milioni 154. Simu ndiyo iliyochukua nafasi yake mfukoni, hasa baada ya duka la programu za iPhone kufunguliwa mwaka 2008. Kijana wa Mafinga au Makambako aliyepata fedha kidogo alinunua simu kwanza, kwa kuwa humohumo angepiga, angepokea M-Pesa na angecheza, na wala siwezi kumlaumu. Nintendo 3DS, mrithi wa DS, iliuzwa kwa karibu milioni 76, nusu tu ya mama yake. Sony iliacha kutengeneza PlayStation Vita, mashine yake ya mkononi, mwaka 2019, na 3DS ikafuata mwaka 2020. Switch ya mwaka 2017 hubebeka, lakini ni mashine ya sebuleni vilevile, na gemu zake lazima zifae kote kuwili. Machi 2023 duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa kwa wanunuzi, na gemu zilizouzwa humo peke yake hazina tena pa kununuliwa kihalali.

Vijana wengi leo huzijua gemu za PSP, mashine ya mkononi ya Sony iliyoitangulia Vita, kupitia programu inayoifanya simu ijifanye PSP. Nafurahi kwamba hazikuzikwa kabisa. Lakini picha iliyochorwa kwa ajili ya kioo cha nukta 480 kwa 272, ikikuzwa mara nne, huonyesha pembe za nyuso ambazo udogo wa kioo ulizilainisha, huku vidole gumba vikifunika sehemu ileile anayotokea adui.

Kutengeneza upya si lazima kuharibu. Silent Hill 2 iliyotoka mwaka 2024, kazi ya kampuni ya Bloober Team ya Poland, ilitengenezwa kwa mashine zinazoweza kuuonyesha mji wazi kabisa, na hata hivyo watengenezaji waliuacha ukungu mahali pake kwa makusudi, nayo ikapokelewa kwa sifa nyingi. Novemba mwaka huohuo San Andreas mpya nayo ilipata maboresho yenye chaguo la kurudisha mwanga na anga la toleo la kwanza. Mchezaji akilichagua na kupanda tena Mlima Chiliad, Las Venturas haionekani. Kuna utusitusi tu, na barabara inayoingia ndani yake.