Plagi mpya haziponyi misi

Juzi kaja mzee na Corolla 110 yake, injini ya 5A, katokea Tukuyu. Shikamoo haijaitikiwa vizuri, keshanikabidhi boksi. "Fundi, nifungie hizi. Zile za mwezi uliopita walinipa feki." Seti ya tatu hiyo tangu Januari. Maneno hayo nimeyasikia hapa Mafiati, Mbeya, mpaka nimechoka, ndiyo maana naandika.

Imani kwamba misi, yaani silinda kukosa kuwaka, inaponywa na plagi mpya haifi kwa sababu plagi mpya kweli hutuliza gari. Wiki mbili, pengine tatu. Misi ikirudi, lawama wanapewa wauza spea, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Boksi nikaliweka kando. "Mzee, inamisi ukiwa wapi?" Akasema mjini gari ni nzuri tu, na sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, imetulia. Inaanza ikipanda kutoka Kiwira kwenda Isongole, mikungu ya ndizi nyuma, gia ya nne, ukikanyaga mafuta inarukaruka. Mvua ikinyesha, balaa.

Jibu hilo lina thamani kuliko boksi zima la plagi. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa na petroli vinajaa silinda na mgandamizo unakuwa mkubwa. Kadiri mgandamizo unavyopanda, ndivyo cheche inavyohitaji umeme wa nguvu zaidi kuruka pengo la plagi. Sasa umeme hupita penye urahisi. Kama nje ya plagi kuna njia rahisi kuliko lile pengo, utapita huko na silinda haitawaka. Kwenye sailensa mgandamizo ni mdogo, cheche inaruka bila shida, nawe unadhani gari imepona. Pampu ya mafuta ikichoka nayo husumbua mlimani, lakini mara nyingi gari yote inakosa nguvu, siyo silinda moja kurukaruka.

Kujua silinda ipi ni kazi ya dakika tano: injini ikiwa sailensa, chomoa soketi za nozeli zinazopulizia petroli, moja moja. Ile ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, ndiyo hiyo. Kwa misi ya mlimani kama hii, pulizia waya maji kidogo kwanza ndipo ijitokeze. Waya wa plagi usiuchomoe injini ikiunguruma, tafadhali. Umeme ukikosa pa kwenda unatoboa koili inayotengeneza umeme wa cheche, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili.

Ilikuwa namba tatu. Nilipovuta waya, kisima cha plagi, lile shimo inamokaa, kilikuwa na oili imefunika nati. Kwenye kauri nyeupe ya plagi, mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma. Ndani ya mpira wa waya, mstari uleule umeungua ukilingana na wa plagi. Hiyo ndiyo njia ya umeme. Funga plagi mpya ndani ya mpira ule, na baada ya siku chache mpira utaichora nayo. Hizo ndizo wiki mbili za mzee.

Jambo moja linaniudhi kwa mafundi wenzangu. Mnapima ukinzani wa waya kwa mita, mnakuta chini ya kiloomu 25, mnasema mzima. Mita inatumia betri ndogo. Waya ukiwa kazini unabeba maelfu ya voti. Ukinzani unaweza kuwa sawa na ganda linavujisha. Subiri giza, pulizia maji kidogo kwenye waya injini ikiunguruma, mikono mbali. Utaona cheche za bluu zikitambaa.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, pia nilipima, na kipimo hicho kina mtego wake huku kwetu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Injini inayosoma psi 180 Dar, hapa itasoma kama 147. Nimeona injini nzima zikihukumiwa kifo kwa sababu hiyo. Mimi naangalia tofauti kati ya silinda na silinda; mpaka kamili wa kusema "hii imekufa" bado naukisia kwa uzoefu, na nimewahi kukosea.

Nikiri jingine: si kila mara mstari unaonekana. Gari moja ya Njombe ilikuwa inamisi asubuhi za Julai tu. Nilibadilisha waya zote, ikatulia, lakini sikuona alama yoyote. Siwezi kuapa kwamba ni waya.

Ya mzee nilibadilisha gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na mipira ya visima, maana oili ndiyo iliyoozesha mpira wa waya, kisha waya zote nne. Plagi zake nikafunga mwisho, visima vikiwa vikavu. Hazikuwa feki. Jana kapiga simu yuko Isongole, mvua inanyesha, ndizi zipo nyuma, na gari inapanda.