Kabla ya Kutia Saini: Upasuaji wa Saratani Unalenga Nini?

Wagonjwa wengi wa saratani tunaowapokea Mbeya, wawe wametoka Chunya, Kyela, Makete au Sumbawanga, huja na hofu moja: kwamba uvimbe ukiguswa na kisu, ugonjwa huchochewa na kusambaa mwili mzima. Hofu hiyo inaeleweka, kwani wapo walioshuhudia ndugu yao akifanyiwa upasuaji na kufariki muda mfupi baadaye. Mara nyingi, hata hivyo, ndugu huyo alifika saratani ikiwa imekwisha kuingia kwenye ini au mapafu, na upasuaji wake ulilenga kumpunguzia mateso tu. Kama familia haikuelezwa hivyo, kosa ni la sisi watoa huduma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mgonjwa aulize upasuaji huo unalenga nini.

Upasuaji wa kwanza kwa kawaida ni mdogo, nao ni wa kuchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe ili kipimwe kama ni saratani. Kwa mama mwenye uvimbe kwenye titi, tunachoma ganzi, tunaingiza sindano nene kidogo na kutoa vipande vyembamba, ambavyo hutiwa kwenye kichupa chenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na kupelekwa maabara ya patholojia, inakochunguzwa nyama ya mwili. Mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uwezekano wa sindano hiyo kueneza saratani ni mdogo sana, ilhali kumkata mtu titi kwa kukisia ni jambo lisilokubalika.

Upasuaji wa kuponya hufaa pale ugonjwa ulipo bado mahali pamoja. Daktari huondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima inayouzunguka, na mara nyingi tezi za jirani, kwa sababu seli za saratani hupenda kupitia huko. Wakati mwingine dawa za kemotherapia hutangulia ili uvimbe usinyae kwanza. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, upasuaji husaidia katika hatua za mwanzo. Ikishasogea, tiba kuu ni mionzi pamoja na dawa. Kwa hiyo mama anayeambiwa aende Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, badala ya kupasuliwa, asidhani kwamba ametelekezwa.

Upo pia upasuaji wa kumpa mgonjwa nafuu. Mwenye saratani ya umio asiyeweza tena kumeza hata uji anaweza kuwekewa mpira wa kupitishia chakula tumboni, na ambaye utumbo wake umeziba hufunguliwa njia ya haja kubwa kwenye ukuta wa tumbo. Kwangu mimi, kumwezesha mtu kula na kulala bila maumivu ni tiba kamili, hata kama saratani imebaki.

Hatari zipo, na hazipaswi kufichwa: kuvuja damu, kidonda kuingia vijidudu, nimonia, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na matatizo ya dawa za usingizi. Hatari huongezeka kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayevuta sigara au aliyedhoofika kwa kukosa lishe. Mgonjwa amweleze daktari dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo, kwa kuwa baadhi huzuia damu kuganda. Aliyeondolewa tezi za kwapa anaweza kuvimba mkono hata baada ya miaka. Akijikata kwa jembe au kuungua jikoni, asafishe jeraha mara moja, na mkono ukianza kuwa mwekundu aende hospitali.

Baada ya kuruhusiwa, homa, usaha kwenye mshono, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida ni sababu ya kwenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki.