Haiba ya mtu huonekana vizuri anapobanwa

Wengi wanaonijia kwa ushauri nasaha huwa wamekwisha kujipima haiba mtandaoni na wanalijua jina la kundi lao: mkimya, mchapakazi, mpenda amani. Majina hayo yanataja mwenendo tu, na mwenendo mmoja unaweza kutokana na misukumo iliyo mbali kabisa. Kwa hiyo mimi huanza na swali jingine: mambo yanapokubana, unaogopa kupoteza nini?

Tuwachukue wafanyakazi watatu, wote hodari, ambao mkuu wao amewarudishia ripoti zikiwa zimejaa masahihisho. Wa kwanza anaomba radhi mara tatu, anakesha akiziandika upya hata kurasa ambazo hazikuguswa, na kesho yake anamchunguza mkuu usoni ajue kama bado anamthamini. Wa pili anarudi na ripoti mkononi, anabisha sahihisho moja baada ya jingine, na hatulii mpaka walau moja lifutwe. Wa tatu anajibu "sawa", anajifungia, hapokei simu, kisha anaileta kazi iliyokamilika bila maelezo yoyote. Hadi jana yake, kipimo chochote cha mwenendo kingewaita wote wachapakazi.

Karen Horney, daktari aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani mwaka 1932, alizieleza njia hizi kwa kina mwaka 1945: kuwaelekea watu, kuwakabili, na kujitenga nao. Anayewaelekea hutafuta kupendwa na kukubaliwa, anayewakabili hutafuta nguvu na ushindi, naye anayejitenga huulinda uhuru wake usiingiliwe. Jambo ninalolithamini zaidi katika maelezo yake ni kwamba mtu mwenye afya ya nafsi huweza kuzitumia zote tatu kulingana na hali, ilhali aliyeelemewa hung'ang'ania moja hata pale inapomwumiza.

Kwa nini msongo ndio unaofichua? Mwili ukihisi hatari hutoa homoni ya adrenalini, kisha ya kotisoli, na msongo ukiwa mkali sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima na kuahirisha, hudhoofika, hivyo mazoea ya siku nyingi yakashika usukani. Hata hivyo, hatari yenyewe hupimwa na mhusika. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walisisitiza mwaka 1984 kwamba msongo hutegemea jinsi mtu anavyolitafsiri tukio na anavyoukadiria uwezo wake wa kulimudu. Masahihisho yale yale, basi, kwa mmoja ni dalili ya kukataliwa, kwa mwingine ni kushushwa hadhi, na kwa wa tatu ni mtu kuvamia eneo lake.

Mimi huulizwa mara kwa mara kuhusu eniagramu, mfumo wa kuwagawa watu kwa haiba wenye aina tisa, kila moja ikiwa na hofu yake ya msingi na namna yake ya kubadilika chini ya msongo. Naiona kuwa chanzo kizuri cha maswali, lakini ushahidi wake wa kisayansi ni hafifu, na sikubali itumike kuamua nani aajiriwe au nani aolewe na nani. Utafiti wa haiba kwa sehemu kubwa huonyesha sifa zinazopanda na kushuka kwa viwango, na watu wengi huangukia katikati.

Ukishautambua msukumo, namna ya kumsaidia mtu hubadilika. Yule wa kwanza anahitaji kusikia waziwazi kwamba uhusiano uko salama, kisha ndipo aelezwe makosa. Wa pili apewe sababu ya kila sahihisho pamoja na nafasi ya kuamua kitu fulani mwenyewe. Wa tatu aandikiwe badala ya kuitwa kikaoni papo hapo, na aachiwe muda uliotajwa bayana, kwa maana kumfuatafuata kila saa humfanya azidi kujifungia.